Naomba ushauri: nichague simu ipi ili programu zangu za kazi zikubali zote?

Bwana Shamba wa Sengerema

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni afisa ugani katika kata moja ya Wilaya ya Sengerema, mkoani Mwanza. Simu niliyo nayo imechoka: betri haifiki saa saba mchana, na hifadhi imejaa kiasi kwamba nikitaka kupiga picha ya jani la muhogo, ni lazima kwanza nifute picha nyingine. Nimejipanga kununua simu nyingine kabla msimu haujaanza, lakini kila ninayemuuliza ananijibu habari za kamera na ukubwa wa kioo, ilhali swali langu ni la programu.

Kuna programu chache ambazo nikizikosa kazi inasimama. Ya kwanza ni KoboCollect, ambayo mradi tunaoshirikiana nao unaitumia kukusanyia takwimu za wakulima, pamoja na kupima mipaka ya shamba kwa kulizunguka. Ya pili ni PlantVillage Nuru, ninayoitumia kumwonyesha mkulima kama muhogo wake una batobato au michirizi ya kahawia, na kwenye mahindi kutambua dalili za viwavijeshi vamizi. Hii inanifaa sana kwa sababu inafanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, na inazungumza Kiswahili. Baada ya hizo kuna WhatsApp yenye makundi ya wakulima wa vijiji vyangu, programu ya benki, na pesa za simu kwenye laini mbili, kwa kuwa si wakulima wote wako mtandao mmoja.

Nimewekewa mezani simu tatu ambazo bei zake zinakaribiana. Kuna iPhone 8 iliyotumika, ya shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam, ambayo ni nzima kabisa. Kuna simu mpya ya Android ya bei ya chini, yenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32, ambayo muuzaji anaiita toleo la Go, yaani Android nyepesi iliyotengenezwa kwa simu zenye RAM ndogo. Halafu kuna Huawei iliyotumika, nzuri wa umbo kuliko zote, ila nimeambiwa haina Play Store, duka la programu la Google, na kwamba "ipo namna ya kuiweka".

Naomba ushauri wa wenye kuzijua simu hizi kikazi. Suala la simu ipi ina heshima zaidi tuliache kwa leo.

Mkusanya Takwimu, Dodoma

Ndugu Bwana Shamba, kwa miaka kadhaa nimesimamia wadadisi katika tafiti za kaya na za kilimo, kwa hiyo nitajibu upande wa KoboCollect, kwa sababu kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoamua simu utakayonunua.

KoboCollect haipo kwenye App Store, duka la programu la iPhone. Imejengwa juu ya ODK Collect, programu nyingine ya kukusanyia takwimu, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008 ikilenga simu za Android tangu mwanzo, na zote mbili zimebaki kwenye Android hadi leo. Mwenye iPhone hakosi njia kabisa, maana dodoso hilohilo la Kobo linaweza kufunguliwa kwenye kivinjari, likajazwa bila mtandao na kutumwa baadaye. Wapo watu wanaofanya hivyo na kazi inakwenda. Hata hivyo, fikiria mambo mawili kabla hujaikubali njia hiyo.

Kwanza, madodoso ambayo hayajatumwa yanakaa ndani ya kivinjari chenyewe. Mtu akisafisha data za kivinjari ili apate nafasi, na wewe umeshasema tatizo lako ni nafasi, kazi ya kutwa nzima inaondoka bila kuaga. Pili, kuna huko kupima mipaka. Kwenye KoboCollect unachagua simu irekodi nukta yenyewe kila baada ya sekunde ulizoweka, kisha unalizunguka shamba ukiwa umeishika mkononi, na ukifika ulipoanzia unafunga umbo. Kwenye kivinjari utalazimika kuweka nukta moja moja kwa mkono. Shamba la mstatili lenye kona nne halitakusumbua, lakini shamba linalofuata kijito upande mmoja na kukwepa kichuguu upande wa pili litakuchosha, na mwisho wa siku eneo utakaloandika litakuwa la kukadiria.

Kuhusu Nuru, jambo linaloifanya isihitaji mtandao ni kwamba picha ya jani inachambuliwa ndani ya simu yenyewe, wala haitumwi popote. Faida hiyo ina gharama yake: mzigo wote unabebwa na simu yako. Simu dhaifu itaifungua programu, lakini utasimama juani na mkulima mkisubiri, na kamera ikiwa haishiki vizuri kitu cha karibu, majibu nayo hayatakuwa ya kutegemewa. Kwa hiyo ile simu ya GB 2 isikuvutie kwa upya wake tu.

Jambo lingine ambalo halionekani kwenye karatasi ya sifa za simu ni GPS. KoboCollect inakuonyesha usahihi kwa mita wakati unasubiri nukta, na sisi huwa tunawaambia wadadisi wasikubali nukta kabla usahihi haujafika mita 5 au chini yake. Zipo simu za bei ndogo zinazofika hapo upesi mkiwa mahali pa wazi, na zipo zinazobaki mita 20 huku mwenye shamba anaanza kuangalia saa. Ukienda dukani, toka nayo nje, simama mahali ambapo hapana ghorofa wala mwembe juu yako, uijaribu kabla hujatoa hela.

Na kabla hujaiacha simu ya zamani, hakikisha madodoso yote yaliyokamilika yametumwa. Yaliyobaki ndani ya KoboCollect hayahami yenyewe kwenda simu mpya.

Kijana wa Geita

iPhone 8 ina sehemu moja tu ya laini na haikubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Wewe umesema una laini mbili za pesa. Hapo kwangu mjadala wa iPhone umekwisha.

Muuza Simu, Aggrey Kariakoo

Nimshukuru kijana wa Geita kwa kuliona hilo la laini, maana wateja wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika nyumbani.

Nami niongeze ninachokiona hapa dukani. Watu huuliza simu ni ya mwaka gani, lakini programu haziangalii umri wa simu, zinaangalia toleo la mfumo endeshi. iPhone 8 ilitoka mwaka 2017 na imeishia iOS 16. Haitapanda tena hata ikiwa mpya kama imetoka kwenye boksi. Mwezi Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1, yaani iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Wateja waliokuja na simu hizo wakidhani zimeharibika tuliwaeleza kwamba hakuna fundi wa kuzisaidia, kwa sababu simu ni nzima na kilichogoma ni programu. iPhone 8 bado inapita, lakini haiko mbali na mstari, na siku mstari ukisogezwa utakuwa umebaki na kamera nzuri isiyo na WhatsApp.

Kwa Android hali ni tofauti kidogo. Mwaka huo wa 2025 toleo la chini kabisa ambalo WhatsApp ililikubali lilikuwa Android 5, lililotoka mwaka 2014, kwa hiyo simu yenye Android 11 au 12 haina wasiwasi wa karibuni. Kinachoiua Android ya bei ndogo ni hifadhi na RAM, mara nyingi muda mrefu kabla toleo lake halijapitwa. Mteja anarudi baada ya miezi michache akisema simu ni nzito, ukiifungua unakuta WhatsApp imejaza picha za misiba, harusi na salamu za asubuhi kutoka makundi thelathini. GB 32 zilizoandikwa kwenye boksi si zako zote, mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa, na programu nyingi hazikubali kuhamishiwa kwenye memori kadi. Mimi kwa kazi yako nisingekuuzia chini ya RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, hata kama ni iliyotumika. Samsung za daraja la A, Tecno au Infinix zilizotumika vizuri zinapatikana kwa bei zisizotofautiana sana na hiyo simu mpya uliyotajiwa.

Ukinunua iliyotumika, ya aina yoyote, bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kisha itume kwenda 15090, namba ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, uone jina la simu litakalorudi kama ndilo lililoandikwa mgongoni. Simu bandia zilifungiwa nchini mwaka 2016 lakini wajanja hawajaisha. Na kama bado utaichukua ile ya shemeji, mwambie aondoe akaunti yake ya Apple mwenyewe kabla hajakukabidhi, vinginevyo utakuwa umenunua simu yenye iCloud ya mtu, iliyofungwa na akaunti yake.

Muuguzi Unguja

Naomba nipingane kidogo na ndugu zangu, bila kuvunja heshima.

Natumia iPhone, na katika mambo aliyoyataja mleta mada, mengi ninayafanya. Menyu za pesa za simu kama *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money zinaendeshwa na mtandao, hazijali simu uliyoshika, hata kitochi kinazifungua. SimBanking ya CRDB na NMB Mkononi zipo kwenye maduka yote mawili. Kwa hiyo hoja ya kwamba iPhone haina programu za kwetu inakuzwa kuliko ilivyo, ingawa ni kweli kwamba hizi za kukusanya takwimu zimeegemea Android. Hata sisi wa afya, programu ya simu ya DHIS2 Capture, ya kuingizia takwimu za afya, ipo kwa Android peke yake.

Lakini sisi tulipewa vishikwambi vya Android na mradi kwa ajili ya kazi hiyo, na hapa ndipo ninapomuuliza kaka yetu swali: kwa nini fedha ya mfukoni mwako inunue kifaa cha kazi ya mradi? Taarifa za wakulima, majina yao, namba zao na ramani za mashamba yao vinakaa kwenye simu hiyohiyo ambayo jioni watoto wanachezea michezo. Ikiibwa kwenye stendi ya basi, nani atawajibika? Kabla hujachagua kati ya hizo tatu, andika barua kwa mratibu wa mradi uombe kishikwambi au simu ya kazi. Ukipewa, utabaki huru kununua simu yako binafsi kwa vigezo vyako, na iPhone, ikiwa ni ya toleo jipya kuliko hiyo 8, haitakuwa chaguo baya kwa sababu inapata masasisho ya usalama kwa miaka mingi kuliko Android nyingi za bei ya chini.

Bwana Shamba wa Sengerema

Nawashukuru sana wote.

Dada Muuguzi, hoja yako ni ya haki na barua nitaiandika, lakini kwa jinsi bajeti za miradi zinavyokwenda sitarajii majibu kabla ya mvua, na wakulima hawawezi kuningoja. Suala la watoto na simu nimelipokea.

iPhone nimeiweka kando. Muuza Simu amenifumbua macho kuhusu GB 4, na nitaanza kutafuta ya kiwango hicho. Bado nina maswali mawili. Hiyo Huawei, ambayo ina RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 128 kwa bei ileile, nayo niiache kwa sababu tu ya Play Store, wakati rafiki yangu anasema programu zote anazishusha nje ya Play Store na zinafanya kazi? Na nikiwa dukani, nitajuaje kwa uhakika kwamba programu fulani itakubali kwenye simu fulani kabla sijalipa?

Fundi Programu, Arusha

Nimefuatilia mazungumzo haya tangu mwanzo. Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, nitajibu hayo mawili, nikianza na Huawei kwa kuwa ndiyo inayowachanganya watu wengi.

Muulize muuzaji ni modeli gani hasa. Serikali ya Marekani iliiwekea Huawei vikwazo mwezi Mei 2019, na simu zilizokuwa zimetoka kabla ya hapo, kwa mfano P30, zilibaki na huduma za Google. Kuanzia Mate 30 ya Septemba mwaka huo, simu zake mpya zilianza kutoka bila huduma hizo na kutegemea duka la Huawei lenyewe, AppGallery. Rafiki yako hasemi uongo anaposema anashusha programu nje ya Play Store. WhatsApp inatoa faili lake la kusakinisha kwenye tovuti yake yenyewe, na ODK Collect ni programu huria ambayo faili zake zinapatikana wazi. Hata ramani za KoboCollect unaweza kuzibadilisha kwenye mipangilio zikasomwa kutoka OpenStreetMap badala ya Google.

Shida inaanzia kwenye programu ya benki. Kukosa Play Store ni jambo moja, na kukosa huduma za Google zinazofanya kazi chini kwa chini ni jambo jingine kabisa. Programu nyingi hutegemea huduma hizo kuleta taarifa za papo hapo, kuonyesha ramani, na hasa kuuliza kama simu iko salama. Benki inaweza kuiuliza Google kama simu hii imethibitishwa na mfumo wake haujachezewa, na jibu likiwa hapana, programu inafunguka na kukufungia nje hapohapo. Zile "namna" unazoambiwa za kuweka Google kwa kupitia programu ya kati huweza kukuonyesha Play Store ikiwaka vizuri dukani, kisha benki ikakataa, au ikakubali leo na kukataa baada ya sasisho lijalo. Kama ni modeli ya kabla ya Mei 2019 na hifadhi ni kubwa hivyo, ichukue kwa moyo mweupe, ukizingatia tu uzee wa betri. Kama ni ya baadaye, mimi nisingeitegemea kwa pesa.

Mmoja wenu aligusia kwamba programu za takwimu zimeegemea Android. Sababu yake ni ya kawaida sana. Msanidi analipa dola 25 mara moja tu kuweka programu zake kwenye Play Store, wakati Apple wanatoza dola 99 kila mwaka, na ili kutengeneza programu ya iPhone unahitaji pia kompyuta ya Mac. Mradi mdogo unaowalenga wakulima, ambao karibu wote wana Android, hauoni sababu ya kuingia gharama hizo. Kwa hiyo usitegemee hali hiyo igeuke karibuni.

Kuhusu kujua kabla ya kulipa: Apple huandika kwenye ukurasa wa kila programu toleo la iOS linalohitajika, na ukurasa huo unafunguka kwenye kivinjari chochote hata kama huna iPhone. Kwa Android njia ya uhakika ni kuiuliza simu yenyewe. Nenda dukani ukiwa na bando, mwombe muuzaji uingie kwenye Play Store kwa akaunti yako ya Google, kisha utafute programu moja moja kwa jina lake kamili. Simu isiyofaa utaambiwa kuwa kifaa chako hakiendani na toleo hilo, au programu haitaonekana kabisa. Usiishie kuona kitufe cha kusakinisha, sakinisha kweli. Fungua ile ya benki hadi inapokuomba namba ya siri, piga picha ya jani lolote kwa Nuru, toka nje upime GPS kama alivyosema Mkusanya Takwimu. Ukiwa bado humo ndani ya Play Store, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, usome kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google. Simu bandia na zilizochezewa mara nyingi huumbuka hapo.

Hiyo ya Go usiidharau moja kwa moja, kwa sababu Play Store yake ni ileile na KoboCollect peke yake ingeiendesha vizuri. Kinachonitia shaka ni Nuru, WhatsApp yenye makundi mengi na benki kuishi pamoja ndani ya GB 2. Ikibidi kuichukua, zima upakuaji wa picha na video wa kujiendesha kwenye WhatsApp siku hiyohiyo ya kwanza.

Na usiponunua, kumbuka kuiondoa akaunti yako ya Google kwenye simu ya watu kabla hujatoka dukani.